Nani Kalivaa Gauni la Bibie?

Haya, kaeni mkao ule ule wa wiki jana. Fundi bado yuko katikati ya chumba cha kuchorea, karatasi mkononi, na kitasa cha mlango kinazunguka.

Kwa aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, namweka sawa kwa mkupuo mmoja asije akanisumbua katikati. Fundi ni mshonaji wa nguo za kike. Mchumba wake ni Mchoraji, yule anayechora katuni ya Kimondo, shujaa anayeruka juu ya maghorofa na kuokoa watu kila wiki. Kwenye katuni hiyo kuna mpenzi wa Kimondo. Jina hana, hajawahi kupewa, wasomaji wanamwita Bibie basi. Kazi yake ni kusubiri dirishani. Kimondo akipigwa, Bibie anamfunga bandeji. Joho likichanika, Bibie analishona. Kisha anamwambia, "Nenda mpenzi, watu wanakuhitaji," na shujaa huyooo, anapaa.

Sura ya Bibie ni ya Fundi mtupu, kuanzia kope mpaka kidoti cha shavuni. Na harusi ya Fundi na Mchoraji ni Jumamosi hii.

Sasa kwenye hiyo karatasi, Bibie amekufa, kaangukiwa na ukuta.

Angekufa tu, Fundi angevumilia. Lakini amekufa akiwa amevaa gauni la harusi la Fundi, gauni ambalo Mchoraji hajawahi kulitia machoni. Lilishonwa kwa siri, likafungiwa kabatini kwa mdogo wake Fundi, ili bwana harusi alione siku yenyewe na roho imruke.

Mlango ukafunguka.

"We! Umeingiaje humu?" Mchoraji alisimama kizingitini na mkate chini ya kwapa.

"Kwa ufunguo ulionipa mwenyewe."

"Weka hiyo karatasi chini. Wino haujakauka."

"Umeniua."

"Nimemuua Bibie. Wewe hujafa, umesimama hapo unanifokea."

Siku nyingine Fundi angecheka. Mchoraji alikuwa na ulimi huo, ndio uliompata. Leo hata tabasamu halikuja.

"Mhariri ndiye aliyeamua," Mchoraji aliendelea, akauweka mkate mezani taratibu. "Kasema wasomaji wamemchoka. Kila toleo mwanamke yuko dirishani anasubiri, anasubiri nini kila siku? Wanataka msiba. Shujaa akifiwa anapata hasira, na gazeti linatoka. Mimi nifanye nini? Nigombane na mhariri?"

"Sawa. Bibie afe. Nimzike na mimi, nivae kaniki. Ila niambie kitu kimoja tu. Hili gauni umeliona wapi?"

"Nimelibuni."

Hapo ndipo Fundi alipocheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Wasomaji, mjueni huyu mwanamume. Mkono wake ni wa ajabu, hilo nakubali. Lakini kuchora kitu asichokiona, hawezi. Hajui kubuni hata kikombe. Akitaka kuchora paka, anakwenda kuazima paka kwa jirani. Kimondo alipotakiwa kuning'inia kwenye ukingo wa ghorofa, Mchoraji alimfunga kamba kinyozi wa mtaani, akamning'iniza kwenye fremu ya mlango mpaka baba wa watu akaita mama yake. Fundi mwenyewe amesimama kwenye dirisha la chumba hicho jua likimchoma shingo, kwa sababu Bibie alikuwa anasubiri, na Mchoraji alitaka aone mtu anayesubiri kweli.

"Wewe ubuni?" Fundi alisema. "Wewe? Njoo hapa. Njoo uone."

Aliitandaza karatasi juu ya ubao, akaweka kidole begani kwa Bibie.

"Hivi vimistari ni nini?"

"Mapambo."

"Mapambo! Hizi ni bandi, bwana wee. Ni nyuzi za kushikizia kitambaa kabla hakijapita kwenye cherehani. Gauni likiisha, zinafumuliwa. Nimezifumua juzi kwa mikono yangu hii. Umechora bandi ukadhani ni urembo, maana ulichokiona ndicho ulichochora. Hili gauni limekuja hapa. Likasimama pale dirishani, likalala pale sakafuni, na ndani yake kulikuwa na mtu."

Mchoraji alijikuna kidevu.

"Nani alilivaa?"

"Mpenzi, hii ni kazi tu..."

"Nimeuliza nani. Sijauliza nini."

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani watanisamehe. Kichwa hicho ni changu, nakijua, ulinichora nimesinzia juu ya cherehani siku ile namalizia joho lako la maonyesho. Lakini kuanzia shingoni kwenda chini huyo si mimi. Ni nani?"

Yule mwanamume mwenye jibu la kila kitu akaangalia mkate.

Fundi akaikunja karatasi, akaitia kwapani, akatoka. Aliteremka ngazi akisubiri kusikia nyayo nyuma yake. Akasubiri kusikia jina lake. Wapi! Kazi ya mtu inaondoka mlangoni, mtambo wa gazeti unaisubiri jioni ile ile, na mwenyewe hakunyanyua hata mguu. Fundi kwa hasira alizokuwa nazo hakuliona hilo. Nyie lioneni.

Barabarani ikawa balaa jingine. Muuza magazeti alimwona kwa mbali.

"Bibie! Kimondo hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie asichelewe kurudi, unachakaa dirishani!"

Watu wakacheka, naye akacheka nao kwa mazoea, macho yamemjaa maji. Kila siku alikuwa akijibu utani huo kwa raha. Alikuwa mke mtarajiwa wa mtu mwenye jina, na jina lenyewe alilisaidia kulijenga. Siku Mchoraji alipokuwa hana hata pa kuweka ubao, nani alimpa kona ya karakana yake? Nani alikaa kwenye stuli mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akarudi kushona za watu? Akawa anajiambia, nampenda, na mtu ukimpenda unamshika mkono. Sasa kapitiwa kisu na mkono huo huo.

Na kisu kilikuwa kinaelekea sehemu moja tu. Kabati lile lina funguo mbili. Moja Fundi kaivaa shingoni. Ya pili anayo mdogo wake.

Saluni ilikuwa imejaa. Mdogo wake Fundi alikuwa anamfungua mteja rola, mwanamke mnene mwenye rola kichwa kizima na gazeti la Kimondo la wiki jana mapajani.

"Ufunguo wa kabati uko wapi?"

"Shikamoo kwanza, dada."

"Leo marahaba haipo. Ufunguo."

"Si huo kwenye pochi! Kuna nini?"

Fundi akaitandaza karatasi mezani, juu ya vitana na vichupa vya mafuta. Mdogo mtu akainama, akaangalia, akashika mdomo.

"Mungu wangu. Kakuua?"

"Nani kauawa?" yule wa rola akadakia.

"Bibie."

"Bibie wa Kimondo? Nyie! Msinitanie mimi na presha yangu!"

Fundi hakumjali. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa jicho ambalo mdogo wake hakuwahi kuliona.

"Ulilivaa lini gauni langu?"

"Mimi?"

"Mimi nani? Kabati liko chumbani kwako. Ufunguo uko kwenye pochi yako. Gauni limetoka, limekwenda kwa mwanamume wangu, limelala sakafuni kwake. Limejipeleka lenyewe?"

"Dada. Unaniuliza hivyo mbele za watu?"

"Nakuuliza mbele za watu kwa sababu yenu mliyafanyia ndani. Nimekulea mimi. Mama alipotutoka, nani alikubeba mgongoni huku anakanyaga cherehani? Ada yako, viatu vyako, hiki kiti unachosukia watu, vimetoka wapi? Kumbe nafuga nyoka!"

"Salale," wa rola akasema chini chini.

Mdogo wake Fundi alilia pale pale, kitana mkononi. Halafu akakitupa kitana. Akavua viatu vyake vya kisigino, kimoja kikagonga ukuta, akasimama peku kando ya meza.

"Nitazame. Nitazame vizuri halafu utazame picha yako. Sketi zote ulizonirithisha, kuna hata moja hukunikatia pindo? Mimi ni mfupi, dada, hata kwenye kioo hiki napanda kigoda. Ningelivaa gauni lako ningelikanyaga nikavunja meno. Haya, huyu hapa wa picha ya juu, anayesubiri dirishani, pindo lake liko wapi?"

Fundi akainama.

Pindo lilikuwa juu ya kifundo cha mguu. Gauni alilolikata yeye kwa kimo chake, likagusa sakafu sawasawa, kwenye picha lilikuwa limempungukia mtu kwa chini, miguu yote nje. Aliyelivaa ni mrefu. Mrefu kuliko Fundi, achilia mbali mdogo wake.

Aibu ikamshuka kuanzia utosini.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

"Nina wazimu. Nisamehe."

"Nimesema si leo," mdogo mtu akafuta pua kwa kiganja. Halafu uso wake ukabadilika. "Dada. Kuna mtu nilimpa."

"Ulimpa nini?"

"Gauni. Alikuja hapa akasema wewe umemtuma, eti unataka kulilinganisha na gauni lake la usimamizi, rangi zisipishane. Kesho yake akalirudisha limekunjwa vizuri kuliko nilivyolitoa. Ningemkatalia vipi? Ni Wifi."

Wifi.

Mkumbukeni Wifi, wale mliosoma. Dada yake Mchoraji, mkubwa wake, mrefu kama mlingoti. Alikuja mjini akiwa ameachika, begi moja na macho makavu, akafikia kwa kaka yake. Fundi ndiye aliyempokea. Alimshonea nguo za kubadilisha bila kutaka kitu, akamtafutia daktari alipougua, akamchagua awe msimamizi wake wa harusi mbele ya mashoga zake wote wa miaka. Karibu kila jioni Wifi alimsuka, na Fundi huku kichwa kiko mapajani kwa Wifi, akisema ya moyoni.

Saluni nzima ikashusha pumzi.

"Aaa! Wifi mtu!" wa rola akapiga paja. "Mbona dogo hilo? Kaka kaishiwa mtu wa kumchora, dada kamsaidia. Mie nilidhani kuna mwanamke!"

"Kosa lake hakusema tu," mwingine akaongeza kutoka kwenye mashine ya kukaushia nywele.

Na Fundi, jamani, alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. Dada mtu! Yeye kaona mapenzi, kaona usaliti, kamtukana damu yake mbele ya halaiki, kumbe ni dada mtu kumsaidia kaka yake kazi. Moyo ukarudi mahali pake. Jumamosi ikarudi mahali pake. Akaikunja karatasi, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, naye akakubali kukumbatiwa huku amenuna.

"Nakwenda kumsema Wifi. Leo atanitambua."

Alikuwa ameshafika mlangoni mdogo wake alipomwita.

"Dada. Kama ni dada yake tu, kwa nini alinidanganya?"

Fundi alitikisa mkono bila kugeuka, mtu mwenye furaha hataki maswali.

Nyumba ya Mchoraji ndiyo ile ambayo bi harusi angeingizwa Jumamosi. Mapazia yake kashona Fundi. Foronya, vitambaa vya makochi, mpaka kifuniko cha redio, kashona Fundi. Alipiga hodi kwa kelele.

"Hodi Wifi! Leo una kesi!"

"Karibu. Pita."

Wifi alikuwa anapiga pasi mashati ya Mchoraji sebuleni. Shati moja limekwisha, limetundikwa kwenye kiti, kola imesimama. Hakuonekana kushtuka. Aliitazama karatasi iliyokunjwa, akamtazama Fundi, akamwonyesha stuli kwa kidevu.

"Kaa pale dirishani. Kuna hewa."

Akalivuta pazia, mwanga ukaingia wote. Fundi akakaa, bado anacheka.

"Wifi wewe umenitesa leo. Unajua nimemtukana mdogo wangu kwa ajili yako? Nimesema gauni langu kalivaa mwanamke. Nimelia barabarani! Kumbe ni wewe unamsaidia kaka yako. Ungeniambia tu, kwani ningekataa? Gauni ni la kwetu sote."

Wifi hakucheka. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akauviringisha polepole.

"Nani alikwambia mimi ni dada yake?"

"Eh?"

"Nakuuliza. Nani alikwambia?"

"Si yeye. Na wewe mwenyewe. Na jinsi mlivyofanana."

"Tumefanana nini?"

Fundi akafungua mdomo kujibu. Akamwangalia yule mwanamke, paji la uso, pua, mdomo, vidole virefu vinavyoviringisha waya. Akatafuta kitu kimoja cha Mchoraji usoni mwake. Hakukiona. Tangu siku ya kwanza aliambiwa wamefanana, naye akawaona wamefanana.

"Usiniite wifi tena," yule mwanamke akasema. "Mimi ni mke wake. Alinioa kabla hajajua hata kushika wino."

Pasi ikawa inapoa na kulia ti, ti.

Fundi hakufikiria Mchoraji kwanza. Mngedhani angefikiria Mchoraji. Alifikiria jioni zile za kusukwa. Alimwekea kichwa mapajani mke wa mtu, akamsimulia jinsi anavyompenda mumewe, anavyomwota, watoto watakaowazaa na sura watakazochukua. Na mke wa mtu akamsuka, akamwambia inamisha shingo, akamsuka. Hapo ndipo palipomuuma.

"Kwa nini?" alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Kwa ajili ya uso wako."

"Uso wangu?"

"Shujaa alihitaji mwanamke wa kumsubiri. Nilikaa mimi mwanzo, kwenye stuli kama hiyo. Haikufaa. Kwenye karatasi uso wangu ulionekana wa mtu anayetaka kuuliza swali. Unamjua, hawezi kuchora asichokiona. Akakuona wewe unapita na furushi la vitambaa, unamcheka mtu barabarani, akaja akaniambia nimempata. Lakini kuja kukaa tu haikutosha. Alitaka mwanamke anayemwamini kweli, anayemsubiri kweli. Hilo mtu haigizi. Basi akakuchumbia."

"Akanichumbia ili nikae vizuri kwenye stuli."

"Ndiyo."

Alisema ndiyo hivyo hivyo, kama anaulizwa kama chai ina sukari.

"Na maneno ya Bibie?" Fundi aliuliza. Swali lilimtoka tu. Yale maneno ndiyo aliyoyapenda kuliko picha. Alikuwa akiyasoma karakanani kwa sauti, anawaambia wateja, sikieni, huyu mwanamume kaniingia rohoni, anajua ninachowaza kabla sijasema.

"Uliniambia mimi hapa. Mimi nikampelekea."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata nililokwambia la mama yangu?"

"Lilitoka toleo la mwezi uliopita. Hukuliona? Ulilia ukasema kaliwaza mwenyewe."

Fundi akaziba uso kwa viganja, kisha akaviondoa vimelowa machozi. Alikuwa amekumbuka kadi zilizogawiwa, ukumbi, mashoga waliokwisha kununua sare.

"Na Jumamosi?"

"Hakuna Jumamosi."

"Mngeniacha nivae? Mngeniacha nifike mpaka ukumbini?"

"Usingefika. Ndiyo maana nakwambia leo."

"Leo kwa nini? Umenisuka miezi yote hiyo umenyamaza, leo huruma imetoka wapi?"

"Si huruma. Nimeagizwa nikwambie leo. Saa hizi za jua, kwenye stuli hiyo, pazia likiwa wazi." Akatazama kwenye mlango wa chumbani, ambako pazia la Fundi lilikuwa linaning'inia hadi chini. "Kuna ukurasa mmoja haujaisha. Kabla ukuta haujamwangukia, Bibie anagundua kuwa Kimondo alikuwa anamdanganya tangu siku ya kwanza. Sura hiyo hajawahi kuiona. Ilibidi aione."

Hapo Fundi akasikia.

Kra. Kra. Kra. Mnaijua sauti hiyo, mmeisikia tangu sehemu ya kwanza. Penseli juu ya karatasi.

Pazia la chumbani lilikuwa wazi upande mmoja. Mchoraji amesimama pale, ubao kwenye mkono wa kushoto, macho yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Hana haya, hana hofu. Ana kazi.

"Kaa hivyo hivyo," alinong'ona. "Usigeuke. Kidevu hicho hicho."

Na Fundi akatulia.

Msimlaumu. Mwili ulizoea. Sauti ile ilipomwambia kaa, mgongo ulinyooka wenyewe, mikono ikalala mapajani, na moyo ukiwa unapasuka vipande. Alikaa akichorwa msiba wake mwenyewe. Alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na bado hakusogeza kidevu.

Penseli ikapita kwenye nywele. Ikapita shavuni. Ilipofika machoni, ikasimama.

"Mbona hulii?" Mchoraji aliuliza.

Fundi akatazama penseli iliyosimama.

"Sasa hivi ulikuwa unalia. Nilihitaji yale. Fikiria Jumamosi. Fikiria gauni."

"Chora unachokiona," Fundi akasema.

"Hiki sikijui."

"Basi nitazame mpaka ukijue."

Akageuza uso wote, akamtazama. Siku zote alimtazama kama mtu anayeshukuru. Hizo shukrani hazikuwepo tena, Mchoraji akatafuta kulia akatafuta kushoto, hakuziona. Akajaribu mstari mmoja. Akaufuta. Akajaribu mwingine, nao akaufuta, mpaka karatasi ikatoboka.

"Geuka," akasema. "Geukia dirishani kama zamani."

Kitasa cha mlango wa mbele kikalia.

Mke wa Mchoraji alikuwa ameufunga, na ufunguo akautia kifuani. Akavuta kiti chenye shati, akaliangusha shati lililopigwa pasi sakafuni, akakaa kando ya Fundi, bega kwa bega, wote wanamtazama mwanamume mmoja.

"Bibie," alimwambia Fundi, "wewe unajua kuwa huyu hawezi kubuni hata kikombe. Ulishawahi kujiuliza Kimondo alimtoa wapi?"

Fundi akageuka. Hakuwahi kujiuliza. Miaka yote hiyo, na sisi pia hatukujiuliza.

"Wewe," alisema.

"Kimondo ni wangu. Mpenzi wa dirishani ni wangu. Dada aliyeachika, begi moja na macho makavu, nilimtunga mimi. Hata hili la leo, stuli, jua, maneno niliyokwambia, nilimtungia mimi, naye akaletewa mezani kama kawaida yake." Akamtazama mumewe. "Isipokuwa mwisho wake. Huo sikumpa."

Uso wa Mchoraji ulikuwa umepauka kuliko karatasi aliyoishika.

"Mke wangu," alisema taratibu, ameshaufikia mlango wa mbele, mkono umeshika kitasa ambacho hakifunguki, "mbona hapa hatukukubaliana?"

"Hatukukubaliana," mkewe akasema. "Ndiyo maana nimefunga mlango."